Nusu ya Sataranji, Kutoka Kaloleni Hadi Ujiji

Tangu nirudi, majirani, hamnipi nafasi hata ya kumeza mate. Okelo anauliza sanduku liko wapi. Mutiso anauliza kwa nini niliondoka na kete nikarudi na kikapu kinachonuka samaki mpaka nyumba ya tatu. Mke wangu Zainabu, ambaye nimemweleza kila kitu, anasema nimemweleza ovyo, mara niko Tabora, mara niko ziwani, mara nimelala. Haya basi. Nimekaa hapa barazani niandike mara moja, kisha asiniulize mtu tena. Habari za tikiti na vibali nazipita, maana sijaona mtu aliyewahi kufurahia kusimuliwa foleni.

Barazani Kaloleni

Kwa asiyenijua, mimi ni Idi Rajabu, nauza vyombo vilivyotumika pale Gikomba: makabati, taa, vitanda vya Wazungu wanaohama. Kwenye mnada wenzangu hukimbilia vitanda. Mimi huvuta droo nikitafuta sataranji za kale, na nikiipata moja, siku hiyo hata chakula sikitaki.

Ninazo kadhaa, nyote mnazijua. Ile ya msandali ya Kihindi, tembo wake wamepandwa na watu wenye vilemba. Ile ya mpingo ya mkulima wa kahawa, farasi wake wameachama vinywa na meno yote nje, utadhani wanaona ushuru. Ile ya mfungwa wa Kitaliano aliyechonga wakati wa vita kwa mti wa humu humu nchini, na mahali pa fili, yule tembo wa mchezo, akaweka padri mwenye kitambi. Jumapili tunazipanga hapa sakafuni, tunalinganisha farasi kwa farasi, shaha kwa shaha. Mutiso kwa kuwa ni fundi viatu amejifanya hakimu wa masikio ya farasi, na hakuna wa kumbishia.

Halafu kuna ile ambayo siiuzi wala siiazimi, ya marehemu baba. Ni ya pembe, nyeupe, na ni nusu tu, yaani upande mmoja wa mchezo. Aliyeichonga ni babu yangu Feruzi. Hakutaka kuchonga kitu chenye uso, kwa hiyo farasi wake ni kirungu kilichokatwa upande, na fili ni virungu viwili. Shaha, mfalme wa mchezo, ni mrefu kama kidole changu, ana pete tatu shingoni. Mama alikuwa akiniambia kwamba nusu ya pili iko Ujiji, kwa dada yake baba, Mwajuma binti Feruzi. Baba alikufa hapa Nairobi mimi sijaanza hata chuo cha Kurani, na mama naye hakuwahi kufika huko. Nilikua nikiichukua Ujiji kama nchi za hadithini.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Kuna jibu lenu moja hunikera sana hapa Kaloleni. Mtu akimwomba Okelo jembe, anasema, "Jembe iko nyumbani." Mutiso akiombwa kuonyesha picha ya harusi yake, "Iko nyumbani, kwa mama." Sufuria kubwa iko nyumbani, kanzu nzuri iko nyumbani, ng'ombe wako nyumbani. Ikifika sikukuu mnabeba vikapu mnaondoka, mtaa unanyamaza, tunabaki mimi na Zainabu na paka. Mimi vitu vyangu vyote viko hapa hapa. Karani akiniuliza, "Kwenu wapi?" nasema Nairobi. Huinua macho na kusema, "Hapana, kwenu." Nilizaliwa Pangani ya zamani ya hapa hapa mjini, kijiji kilichobomolewa. Hata ukuta sina wa kumwonyesha mtu.

Basi mwaka huu akaja mgeni wa watu wa Majengo, mfanyabiashara wa mawese kutoka Kigoma. Alikaa hapa barazani, akashika kitunda kimoja cha baba, zile kete ndogo za mstari wa mbele, akakigeuzageuza. "Nduguze huyu nimewaona," akasema. "Ujiji, kwa Bi Mwajuma. Anazo upande mmoja tu, na hachezi na mtu."

Niliwaambia naenda kuleta nusu ya pili. Ilikuwa kweli, nilizitaka, nilizitaka mpaka viganja vikawasha. Lakini kilichoninyima usingizi kilikuwa kingine. Kete zikilingana, nina shangazi, nina kwetu. Zisipolingana, mimi ni mtu wa Gikomba mwenye mifupa sandukuni.

Nairobi mpaka Kisumu

Okelo alikuwa likizoni, tukapanda gari la moshi pamoja, daraja la tatu. Kikapu chake kilikuwa na sukari, mikate, blanketi na taa ya karabai, na akakiweka juu ya miguu yangu kana kwamba miguu yangu nayo ni mzigo wake. Mimi sanduku langu nililipakata.

"Wewe Idi," akasema, "hiyo sanduku haina hata mkate. Watu wanaenda nyumbani na mkate."

"Siendi nyumbani. Naenda kutafuta kete."

"Sawa," akasema, akafumba macho.

Tuliteremka bondeni jua likiwa limelala juu ya nyasi, na vivuli vya mabehewa vikikimbia pembeni yetu. Nakuru tulikula mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kule juu baridi ilinikamata mpaka nikawa nusu nimelala nusu macho, na kila kituo tulichosimama kilionekana ni kile kile: taa moja, mtu mmoja aliyejifunga shuka, ndizi. Niliamini kabisa kwamba hatuendi, ila kituo ndicho kinachotufuata.

Kisumu, jamani! Okelo alipokelewa na mama yake, dada zake, na watu ambao hata yeye alikuwa akiulizia majina yao. Kikapu kikaondoka. Blanketi zikaondoka. Nikageuka, na sanduku langu nalo limeondoka, liko juu ya kichwa cha dada mtu anayekata mitaa kama ana haraka ya kuzima moto! Nilimkimbilia nikipiga kelele, kofia ikaanguka. Alipoelewa kwamba sanduku si la kaka yake, alicheka mpaka akakaa chini. Ilinibidi niende nao hivyo hivyo, nikalishwa samaki mzima aliyetoka ziwani asubuhi hiyo, na nilipoacha kichwa walihuzunika wakanilazimisha nikile.

Mama yake Okelo aliuliza jambo kwa Kijaluo huku akinitazama. Nilijua ameuliza nini, hilo swali nalitambua kwa lugha yoyote. Okelo akamjibu. Nilimwuliza baadaye alisema nini.

"Nimemwambia unaenda kwenu," akasema, akaanza kuokota miiba mezani.

Sikumshukuru siku ile. Nilikuwa na hasira, sijui ya nini. Okelo, asante.

Juu ya ziwa

Meli iliondoka na ukungu. Sijui niwaelezeje. Maji hayakuwa na mwisho na mbingu haikuwa na mwanzo, na sisi tumening'inia katikati na mbuzi wetu na magunia yetu. Watu walizungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Kuna wakati nilisikia adhana, nikasimama nitafute kibla, kumbe ni mtu amelala anaota, anaimba.

Unyevu ulikuwa umeingia sandukuni, kwa hiyo nikatandaza kitambaa, nikapanga kete zipate hewa. Mwanamke mmoja aliyejifunga kanga za kijani, amembeba mtoto mgongoni, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mganga," akasema taratibu, "nitazamie."

"Mimi si mganga, mama."

"Waganga wa kweli ndivyo wanavyosema. Mume wangu yuko Mwanza, kimya tangu mvua za mwanzo. Nitamkuta?"

"Hizi ni za mchezo, mama. Huyu ni farasi, huyu shaha."

"Shaha anasemaje?"

Loo! Nilimweleza, nikamwonyesha zinavyotembea, na kila nilivyozisogeza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa imani. Watu wawili zaidi wakasogea na matatizo yao. Mwishowe akagusa kitunda. "Mifupa yako misafi sana," akasema. "Unaiosha kwa kitu gani?"

Nikaona hapo angalau nina jibu la kweli. Nikamwambia habari aliyokuwa akinisimulia mama akicheka: alipoolewa, alimkuta baba anaishi na makapera wenzake watafunaji wa tambuu, mate mekundu kila mahali, ukutani, kwenye mikeka, mpaka kwenye kete. Akaona hii ni aibu gani. Akazichemsha zote kwa ndimu na jivu, akazisugua zikang'aa. Baba alipoingia na kuzikuta juu ya ungo zimeanikwa, alikaa kimya siku nzima. Mama alidhani ameona haya kwa uchafu wake.

Yule mwanamke alicheka sana, mtoto akaamka. "Mama yako alikuwa mke kweli," akasema.

Mwanza tulipotia nanga, kulikuwa na mwanamume gatini amesimama na mwavuli. Yule mwanamke alipomwona alinigeukia katikati ya ngazi, akapaza sauti watu wote wasikie: "Mganga! Umesema kweli!" Nami sikuwa nimesema kitu.

Tabora, tukingoja reli

Tulifika Tabora tukaambiwa mvua imechukua tuta la reli kule mbele, tungoje. Tungoje mpaka lini? Mpaka litengenezwe. Tukangoja. Nililala kituoni, kisha duka moja la karibu likanihurumia. Mwenyewe ni Mhindi mmoja, Ramji, mjane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniona nimefungua sanduku, akaingia ndani, akatoka na sataranji yake.

Hapo nikasahau reli. Ilikuwa ya mti, rangi ya kijani na nyekundu, imetengenezwa kwa keezo, kile chombo kinachozungusha mti ukichongwa, na umbo lake, wallahi, lilikuwa binamu wa ile ya babu. Shaha mwenye pete. Fili asiye na mkonga. Tuliziweka bega kwa bega kwenye gunia la mchele tukazitazama kama watu wanaotazama watoto wao wakicheza pamoja. Alinipa chai yenye iliki na mkate uliopakwa asali ya Tabora, asali nyeusi yenye ladha ya moshi, na mpaka leo nikifumba macho naionja.

Kucheza ndiko kulikotugombanisha. Shaha wangu alipobanwa, na nikajua nimekwisha, Ramji alinikemea: "Mrushe! Mara moja anaruhusiwa, kama farasi!" Nikamwambia hakuna sheria kama hiyo duniani. Akasema ndiyo sheria ya zamani, baba zake walicheza hivyo. Tulibishana mpaka wateja wakajipimia sukari wenyewe. Fikirini, mtu ananinusuru nami namkatalia!

Siku nyingine alimshika shaha wangu, akamtazama shingoni. "Huyu si kipande kimoja," akasema. "Ameungwa kwa hesi, kama skrubu. Kichwa kinafunguka." Akaanza kukizungusha kichwa kuelekea kushoto, kama kila mtu anavyofungua chupa. Hakikwenda. Akatia nguvu.

"We bwana, utamvunja!" Nilimpokonya. Nami niliwahi kujaribu zamani, nikazungusha vivyo hivyo, nikaacha kwa hofu.

"Basi zimeganda," akasema bila kukasirika. "Pembe ya zamani."

Usingizi wa Tabora ulikuwa mzito, wa joto na mvua. Nilimwota baba. Sina sura yake, kwa hiyo hata ndotoni alinipa mgongo. Alikuwa anacheza na mtu ambaye kichwa chake kilifichwa na bega la baba, nami nazunguka nimwone huyo mtu, na kila nikizunguka nao wanazunguka. Niliamshwa na mluzi wa gari la moshi. Ramji alikuwa amenifungia asali kwenye kopo, na alinisindikiza na mwavuli ingawa mvua ilikuwa imeshakatika.

Ujiji

Kutoka Kigoma nilikwenda kwa miguu, nimefuatana na wachuuzi wa chumvi. Njia nzima inanukia mawese. Nyumba za Ujiji ni za udongo mwekundu, ndefu, zina baraza kama letu, na watu wanasalimia kwa kirefu, habari ya nyumba, ya safari, ya watoto, huwezi kupita tu. Nilipouliza kwa Bi Mwajuma walinionyesha kwa kidevu, na wawili watatu wakanifuata kwa mbali ili waone.

Alikuwa amekaa mkekani, mwembamba, kichwa amekifunga kanga, anatafuna tambuu. Kando yake kibati cha kutemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Mimi ni Idi, mtoto wa Rajabu bin Feruzi, kutoka Nairobi."

Hakuonyesha mshangao hata kidogo. Akatema, akajifuta mdomo. "Wewe ni wa pili," akasema. "Aliyekutangulia naye alikuwa mtoto wa Rajabu. Alilia hapo ulipokaa. Kumbe ametumwa na Mzungu anayetaka kete zangu."

Nikafungua sanduku. Nikazipanga mkekani moja moja, na nilihisi zinapendeza, nilijiona nimeshafika. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha kitambaa, akakifungua.

Zilikuwa zile zile! Kirungu kilichokatwa upande, virungu viwili, pete tatu shingoni. Za kwake zimegeuka rangi ya siagi kwa uzee, lakini ni nyeupe. Zangu nyeupe. Nilicheka kwa furaha, nikaona yeye hacheki.

"Bwana," akasema, "baba yangu alichonga upande mmoja mweupe na upande mmoja mwekundu. Nyekundu ya mkurungu, mti ule tunaotolea rangi. Alipofariki tuligawana, mimi nyeupe, Rajabu nyekundu, tukaapa hatutacheza na mtu mwingine mpaka arudi. Nyeupe ni hizi. Za kwako zimechongwa na mtu aliyeziona hizi. Kazi nzuri. Lakini si za ndugu yangu."

"Ni za baba, mama. Sijawahi kuziona na rangi nyingine."

"Basi baba yako si Rajabu."

Aliyasema bila ukali, ndiyo maana yaliniuma zaidi. Wale walionifuata walikuwa wamesimama uani. Nikaanza kurudisha vitunda sandukuni, kimoja kikaviringika kwenye mkeka wake. Nawaambia kweli, jamani, sikuwa nikifikiria nusu ya pili tena. Nilikuwa nikifikiria karani, na lile jicho lake analoinua.

Yeye akatema tena kwenye kibati. Nikaona yale mate, mekundu, tone moja likishuka ukingoni, na nikamkumbuka mama. Nilisema tu, si kwa kujitetea, nilisema kama mtu anayeaga: "Mama yangu angekugombeza kwa hiyo tambuu. Alipoolewa alikuta kete hizi zimejaa mate ya tambuu ya marafiki wa baba, akazichemsha kwa ndimu."

Taya lake likasimama.

"Alizichemsha?"

"Kwa ndimu na jivu. Akazisugua mpaka zikang'aa."

"Rajabu hakuwahi kutafuna tambuu," akasema polepole. "Wala hakuruhusu mtafunaji akaribie kete. Nipe huyo shaha."

Nikampa. Alikishika kichwa cha shaha, na badala ya kukizungusha kushoto akakizungusha kulia. Kikalia kidogo, kisha kikaenda, laini, mzunguko baada ya mzunguko. "Baba alikuwa shoto," alikuwa anasema huku akizungusha, nadhani hakuwa akisema nami. "Kila alichokikata kilikwenda kinyume. Watu wakitaka kukifungua wanakikaza." Kichwa kikatoka, kikabaki mkononi mwake. Ndani ya shingo, kwenye mikato ya hesi ambako ndimu ya mama haikufika, kulikuwa na wekundu, mbichi kabisa, kama komamanga.

Alikiweka kichwa kile juu ya mkeka. Akanivuta uso kwa mikono miwili, mikono yake inanuka chokaa na karafuu, akanitazama, akaanza kulia kwa sauti. Nami nililia, msinicheke, nililia kama mtoto wa chuo. Uani mtu akapiga kigelegele, na jirani aliyekuwa hajui habari akaja mbio na ndoo akidhani nyumba inaungua.

"Alikufaje?" aliniuliza baadaye. Nikamweleza ninachokijua, homa, na kwamba alizikwa vizuri. "Alicheza na nani huko?"

"Mama alikuwa akisema hakucheza. Alikuwa akizipanga tu, anazitazama, anazirudisha."

Akatikisa kichwa. "Mjinga," akasema. "Mimi nilicheza mara moja na shehe, nikatumia maharage upande wa pili." Akajifuta macho. "Panga. Leo tunacheza."

Hapo ndipo tulipoona kazi aliyotufanyia mama. Kete zote nyeupe! Katikati ya mchezo hatujui farasi yupi wa nani, ananila kwa farasi wangu mwenyewe, ninamwambia, "Shangazi, huyo ni wangu," anasema, "Basi nionyeshe cheti chake." Tukasimamisha mchezo. Akatafuna tambuu mpya vizuri, akachovya kidole mdomoni, akapaka vichwa vya kete zangu kimoja kimoja, mpaka vitunda, vyote vyekundu. Mama angezimia. Na nilipobanwa kwenye kona, nikamkumbuka Ramji, nikamrusha shaha kama farasi. Shangazi akapiga paja. "Ehe! Nani kakufundisha?"

Alinishinda. Alinishinda kila siku niliyokaa pale, tukila samaki wa migebuka kwa ugali wa muhogo na mawese, mvua ikinyesha, yeye akinionyesha pale baba alipoanguka kwenye ule mti wa mstafeli, na pale babu alipofunga keezo lake. Siku nyingine nilikuwa naamka mchana sijui mwaka gani, nasikia sauti yake ikigombana na kuku, na nilijihisi nimewahi kuisikia kabla sijazaliwa.

Kurudi

Siku ya kuondoka nilimkuta amezipanga nusu zote mbili ndani ya sanduku langu, nyeupe upande huu, zangu upande ule, na mabaki ya tambuu vichwani. "Chukua," akasema. "Umezifuata mbali. Mimi nimeshacheza."

Mnanijua nilivyo. Nimewahi kumfuata Mzungu mpaka Thika kwa ajili ya farasi mmoja aliyekosa mwenzake. Sataranji kamili ya babu yangu ilikuwa mikononi mwangu, ninausikia uzito wake, nilikuwa nimeshaona pa kuiweka hapa ndani, juu ya zote. Nikatazama mkeka pale ilipokaa kila alasiri, nikamtazama yeye. Nikalifunga sanduku, nikaliingiza chumbani kwake, nikalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani.

"Unaniachia?" akauliza kutoka mlangoni.

"Siachi kitu, shangazi. Naweka."

Alinitilia migebuka mikavu kikapuni mpaka kikafura, na chupa ya mawese iliyofungwa kwa majani ya mgomba ambayo ilivuja kidogo kwenye meli na kuniletea maadui. Tabora gari la moshi lilisimama muda wa kutosha Ramji kunywa chai dirishani na kusikia kwamba kichwa kinafunguka kulia. Alijipiga paji la uso. Kisumu nililala kwa mama yake Okelo, nikala kichwa cha samaki bila kulazimishwa.

Zainabu tayari ameanza kuuliza sikukuu ijayo tutabeba nini, naye anapima vikapu vyangu vya dukani kwa macho. Nimemwambia mikate, sukari, na mafuta ya kusugulia magoti ya shangazi.

Jana, Mutiso, ulikuja hapa na yule rafiki yako wa mtaa wa Ziwani anayependa sataranji. Ukavuta mkeka, ukapanga za Kihindi, za mkulima, za Mtaliano, kisha ukanigeukia mbele ya mgeni: "Idi, leta basi zile za pembe za baba yako aone."

Nilijifanya kama natafuta kiberiti, nisije nikasema haraka nikaliharibu jibu. Nimelingoja neno hili tangu nilipohamia Kaloleni.

"Ziko nyumbani," nikasema.